Fundo la Jani

Jaipur, India
11 Februari 2024

Shangazi Anaeli,

Shikamoo. Habari za Kariakoo, na habari za joto la huko? Mimi mzima. Mafua yaliyonikamata uwanja wa ndege yameisha, na tumbo limeshazoea pilipili za huku. Nisalimie wote wa Mtaa wa Sikukuu wanaoniulizia. Ukipeleka barua pale dukani kwa Khushi, Posta, Ranjanben akikupa chai, kunywa, usijifanye umeshiba. Yule mama ananuna, halafu mwanaye Khushi ananipigia kelele mimi.

Uliniuliza kazi yangu ni nini hasa, maana ukiwaeleza watu hawakuelewi. Ni hivi. Khushi ana duka la zawadi. Zamani alikuwa akijaza vitu vya kiwandani kama wenzake wote: saa za plastiki, maua ya plastiki, mioyo inayowaka taa. Sasa anataka vitu vya mkono, na anataka amwambie mteja bila kudanganya kwamba aliyevitengeneza alilipwa vizuri na hakuonewa. Basi mimi ndiye macho yake. Nakwenda kwa wafinyanzi, kwa wachonga mihuri ya mbao, kwa wasusi, nashinda nao, nakula wanachokula. Naangalia madirisha, naangalia choo, nauliza mtu akiugua nani anamtibu. Bidhaa naiangalia mwisho kabisa.

Jana nilikwenda kwa tajiri mmoja wa bangili. Karakana inang'aa, ukutani amebandika karatasi kubwa: hapa hatuajiri watoto. Akanipa soda, akanionyesha kila pembe. Wakati wa kutoka ndipo nikaviona viatu. Huku watu wanavua viatu mlangoni kabla ya kuingia. Katikati ya ndala za wakubwa kulikuwa na jozi kadhaa ndogo, za watoto wa miaka tisa, kumi, na ndani sikuwa nimeona mtoto hata mmoja. Walifichwa, Shangazi. Walikuwa nyuma ya ukuta wanasubiri niondoke. Nikaokota kiatu kimoja, nikakiweka mezani mbele ya yule bwana, nikatoka bila kuagiza kitu.

Nilifika hotelini nikalia mpaka nikajishangaa. Nice angekuwa anavaa saizi ile sasa.

Niandikie habari za duka lako. Habari za watu wengine usiniandikie, na unajua namsema nani.

Mwanao,
Severa

* * *

Kariakoo, Dar es Salaam
9 Machi 2024

Severa mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imekaa kwa Khushi muda kwa sababu shangazi yako alikuwa kitandani na goti. Nililipata kwenye harusi ya binti wa Clotilda. Walipiga ule mziki wa nyumbani, nikasahau umri wangu, nikaenda chini na watoto wadogo, na kurudi juu ikawa kazi ya kunyanyuliwa. Cheka tu. Vitenge vinakwenda hivyo hivyo. Wamachinga wamepanga mpaka kizingitini kwangu, mteja akitaka kuingia lazima aruke mabeseni. Nikiwasemesha wananiita bibi, kisha wanaongeza beseni lingine.

Ile habari ya kiatu imeniumiza. Ulifanya vizuri kutoka.

Sasa nisikilize, na usiikunje barua hii kabla hujaimaliza. Unasema nisikuandikie habari za watu wengine. Huyo mtu mwingine ni baba yako, na kabla hajawa baba yako alikuwa kaka yangu. Zakayo anaumwa. Ni koo. Mwanzo madaktari walisema uvimbe wa kawaida, siku hizi wanatazamana tu. Sauti imekwisha. Yule mtu aliyekuwa akisimama kwenye duka lake la vitasa akaita kuli, na kuli akamsikia kutoka Msimbazi, sasa ananong'ona, na ukitaka kumwelewa lazima uinamishe sikio.

Najua alichokufanyia. Nilikuwepo. Nice alipofariki, uliomba alale nyumbani Uchagani, Mamba, kihambani, kwenye shamba la ukoo wetu, kwenye migomba walipolala babu zake. Baba yako akasimama mbele ya watu akasema mtoto aliyekataliwa na baba yake si wa ukoo wowote, kihambani hawezi kulala. Tukamzika Kinondoni, mtoto wa miaka minne. Ukatupa laini yako ya simu, ukaondoka, ukaniachia mimi tu mlango huu wa barua. Sisemi alikuwa sahihi. Nilimwambia siku ile ile amekosea, akanifokea kama mtoto. Nasema anaumwa, basi. Mtu akiumwa, wa kwao wanaambiwa.

Kula vizuri. Hiyo picha uliyomtumia Khushi umekonda.

Shangazi yako,
Anaeli

* * *

Patan, Nepal
12 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo, na pole na goti. Nimecheka mpaka wenyeji wangu wakaja kuchungulia. Hapa ni milimani, asubuhi nakunja shingo kwa baridi. Barua yako niliikunja mara mbili kabla ya kuimaliza, kwa hiyo unanijua.

Nimepata watu safi. Ni kikundi cha akina mama wanaotengeneza karatasi kwa magome ya kichaka cha huku milimani. Wanayachemsha, wanayaponda, wanayamwaga kwenye chekeche pana, halafu wanayaanika juani mpaka yawe karatasi. Kiongozi wao anaitwa Maya. Nilifika bila kutoa taarifa, kama kawaida yangu, akanipa kipande cha ubao nikae na nyundo nipige magome, maswali baadaye. Wanagawana wanachopata, kila mama anakijua cha mwenzake. Watoto wakitoka shule wanapita kula, wanaondoka. Nimemwambia Khushi maboksi ya zawadi za Krismasi tutayatengenezea hapa.

Sasa hayo ya kaka yako. Mwambie apone. Hilo naweza kumwambia mtu yeyote hata nisiyemjua. Usiniombe zaidi. Mimi nimesahau mengi, Shangazi, hata sauti ya mwanangu mwenyewe naanza kuisahau, lakini lile neno la "si wa ukoo wowote" nalisikia kila siku, na nalisikia kwa sauti yake yeye, ile kubwa ya kuitia kuli. Leo unaniambia sauti hiyo imekwisha. Niliposoma pale sikusikia huruma. Nilisikia kitu kingine, na nikajiogopa.

Basi tuyaache. Maya anakusalimu. Nimemwambia nina shangazi mkali, akasema na yeye anaye.

Severa

* * *

Kariakoo
11 Mei 2024

Severa,

Marahaba. Huku ni mvua juu ya mvua. Jangwani kumejaa maji, watu wa Magomeni hawavuki, na Khushi alifunga duka siku mbili nzima. Vitenge vyangu vya chini vimelowa, nimevianika mpaka kwenye ngazi za jirani.

Nakutumia korosho, kahawa ya nyumbani na kanga mbili za kujifunika na hiyo baridi yenu. Ndani ya kanga utakuta kitambaa cheupe. Kilichomo kinatoka kwa baba yako. Aliniita mwenyewe akanituma, na mimi nimekubali kutumwa. Mbebaji haelezi wala habembelezi, ndivyo tulivyolelewa. Utakifungua, na utafanya utakavyoona moyoni mwako.

Tunasubiri jibu. Nasema tunasubiri, maana hata yeye kila nikirudi kutoka Posta ananitazama mikononi kwanza.

Mungu akuongoze.

Anaeli

* * *

Patan
16 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mizigo imefika salama. Korosho zimeisha siku ile ile, Maya na wenzake wamezikubali kupita kiasi, na kahawa naificha. Mvua na huku imeanza, karatasi hazikauki, tunazigeuza kama wanaopika chapati. Vitenge vimekauka? Na goti?

Kile kitambaa cheupe nilikiacha mpaka mwisho. Nilikaa nacho siku kadhaa kwa sababu nilijua kimetoka kwa nani. Nilidhani ni hela, nikajiandaa kuzirudisha zilivyo. Kumbe jani! Jani refu, limekaukia njiani, limefungwa fundo moja safi katikati. Nilicheka peke yangu. Mzee ameuza vitasa na kufuli maisha yake yote, leo amesikia natafuta zawadi za mkono, na yeye ameniletea sampo yake! Sijui ni jani la nini, pengine mgomba au mahindi, lakini fundo lenyewe ni la mtu anayejua kufunga.

Nikampelekea Maya. Mama wote wakalizunguka, wakalipokezana, wakakaa chini kulinakili kwa utepe wa karatasi ya rangi ile ile ya jani kavu. Walipolifunga juu ya boksi la kwanza, lilikuwa zuri mno. Khushi ameona picha, anasema hiyo ndiyo alama ya duka kuanzia sasa. Maboksi yote ya Krismasi yatafungwa hivyo.

Kwa hiyo mwambie nimelipokea. Mwambie limenipendeza, na kazi yangu yote ya mwaka huu italibeba fundo lake. Hilo ni haki yake, mwambie.

Na hili ni lako peke yako. Asije akafikiri tumepatana. Amenipa wazo la kazi, nimemshukuru, tumemalizana. Jani ni jani. Mimi na yeye tuko pale pale tulipokuwa siku ya Kinondoni, na hata akiniletea shamba zima la majani sitasogea.

Nakupenda wewe.

Severa

* * *

Kariakoo
20 Julai 2024

Severa mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisomea pale pale dukani kwa Khushi nikiwa nimesimama. Ranjanben akanivutia kiti, akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, ni jua.

Nimemsomea baba yako. Alisikiliza amefumba macho. Akaniomba nirudie pale unaposema umelipokea, nikarudia. Basi.

Baada ya hapo alitaka nimpeleke mahali fulani, nikampeleka. Ni wapi na alifanya nini, nitakuambia siku tukiwa wawili, uso kwa uso. Usinibane. Kuna mambo kalamu inanikataa.

Hivi wewe, Mamba ulikwenda Krismasi ngapi? Nakuuliza tu, leo nimejikuta nafikiri habari hiyo. Wifi yangu marehemu, mama yako, Mungu amrehemu, alikulea vizuri, lakini alikulea Kizaramo.

Vitenge vilikauka, vingine vimepata madoa, nimeviuza kwa bei ya kutupa. Goti ni lile lile. Zakayo hali chakula kigumu tena, nampikia mtori wa ndizi ninaouchuja. Ukitaka kuja, njoo. Nimesema ukitaka.

Anaeli

* * *

Patan
13 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo, na pole sana. Umempoteza kaka yako, na pole hiyo nakupa kwa moyo wangu wote. Uliyemchujia mtori ni wako, na najua nyumba sasa imekuwa kubwa.

Khushi alinipigia siku ile ile. Nilikuwa kwa akina Maya tunapanga maboksi ya mwisho kwenye makatoni. Nikamsikiliza, nikasema asante kwa kunijulisha, nikarudi kupanga. Jioni Khushi akapiga tena kusema ameshaangalia ndege, kuna nafasi, nitawahi Mamba kabla ya mazishi. Nikamwambia sisafiri. Najua yaliyosemwa kule msibani. Mtoto wa kwanza hayupo, mchanga hakutupa. Waache waseme. Mwanangu alipozikwa na yeye alibaki dukani anauza vitasa, au hilo walishalisahau?

Nasubiri nilie, machozi hayaji. Nakuambia wewe kwa sababu siwezi kumwambia mtu mwingine.

Uliniuliza nilikwenda Mamba Krismasi ngapi. Mbili nazikumbuka, nikiwa mdogo. Mama hakuipenda baridi ile, na wale wanawake walikuwa wakimcheka upishi wake wa ndizi. Kwa nini ulitaka kujua?

Kuna jambo lingine. Maboksi yamefika Posta, Khushi ameyapanga dirishani, wateja wanayapenda. Ila anasema wateja wa Kichaga wanamshangaza. Alikuja mama mmoja, Blandina, ana duka la jumla huko huko Kariakoo, alitaka zawadi za wafanyakazi wake. Alishika boksi, akaliangalia lile fundo, akalirudisha taratibu kwa mikono miwili, akasema, "Dada, kitu hiki hakiuzwi," akaondoka. Baada yake kijana mmoja alinunua moja tu, akatoka nalo analia. Khushi ananiuliza tumekosea nini.

Lile jani ni nini, Shangazi? Wewe ndiye uliyelibeba.

Severa

* * *

Kariakoo
9 Novemba 2024

Severa mwanangu,

Marahaba. Nimerudi kutoka Mamba na kifua, lakini nimerudi. Duka nilifungua juzi. Watu wanakuja kunipa pole, wananunua na kitenge, nawashukuru.

Ni isale. Ile mimea mirefu iliyozunguka kihamba chetu, ambayo wewe ulidhani ni ua wa kuzuia mbuzi, ndiyo masale. Kwetu mtu akimkosea mwenzake kosa zito, kosa ambalo maneno hayalitoshi, anachuma jani la isale, analifunga fundo, anamtuma mtu apeleke. Anayepeleka haelezi. Anayepelekewa akilipokea, amesamehe. Hakuna hotuba. Na kulirudisha isale, Severa, ni jambo la kutisha, sijawahi kuliona likirudishwa tangu nizaliwe.

Baba yako alimtuma mtu mpaka Mamba akalichume kihambani, na alimwelekeza achume upande ule ambao ulimwombea Nice nafasi. Alilifunga mwenyewe. Nikataka kumsaidia, akanipiga kibao cha mkono. Mtu asiye na sauti, na bado mkali!

Nilipopata barua yako ya Juni, na yale maneno ya sampo, nilijua palepale kwamba hujui ulichokishika. Kosa ni langu. Nilijiambia ni mtoto wa Zakayo, atajua. Nikasahau kwamba hakuna aliyewahi kukufundisha, na baba yako akiwa wa kwanza, maana alikuwa dukani saa zote. Ningeweza kukuandikia siku ile. Nilishika kalamu kabisa. Halafu nikamwona kaka yangu ananitazama mikono, na barua ninayo.

Nikamsomea nusu. Nimelipokea, limenipendeza, kazi yangu yote italibeba. Ile nusu ya mwisho, ya jani ni jani, niliikunja ndani ya kiganja.

"Amelipokea," akasema kwa ule mnong'ono wake. "Anaeli, amelipokea. Na analifunga kwenye kazi yake yote." Akalia. Sikumwona akilia kwa baba, sikumwona akilia kwa mama yako. Alinishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Mahali alipotaka nimpeleke ni Kinondoni, makaburini. Hakuwahi kukanyaga. Mimi nalijua kaburi, ila yeye alitaka alitafute mwenyewe, akawa anapita akisoma majina, anapumzika, anasoma tena. Alipoliona aliketi chini kwenye udongo na ile suruali yake ya kanisani. Akaweka kiganja juu ya saruji. "Mjukuu wangu," akasema, "mama yako amenisamehe. Na wewe nisamehe babu yako." Nikaenda kusimama mbali kwa sababu nilijiona mwizi.

Tukiwa njiani kurudi akaniambia angependa alale pale, kando yake. Nilipeleka neno lake kwa wanaume wa ukoo. Wakasema kihamba kipo, mzee hazikwi mjini kama asiye na kwao. Nikapiga kelele, wakaniambia ni uchungu wa msiba. Tukampeleka Mamba. Amelala kwenye migomba, na mtoto yuko Kinondoni, na ndivyo ilivyo.

Nilikuwa nikimpitisha Posta baadaye, kabla hajazidiwa, natamani maboksi yafike ayaone. Hayakuwahi.

Hayo ndiyo niliyokuficha. Nilimdanganya yeye akafa ametulia, na wewe nikakunyima nafasi ya kusema ndiyo au hapana wakati alikuwa hai akisubiri. Ukiniandikia, sawa. Ukikaa kimya, nitaelewa. Ukoo sijawaambia chochote. Wao wanajua alituma isale, na wananiuliza kila siku lilikwenda vipi, maana hukuonekana mazishini.

Shangazi yako,
Anaeli

* * *

Patan
1 Desemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Leo sikuulizi habari za duka wala za goti, unisamehe.

Nilikasirika kwanza. Nilikuandikia kurasa tatu za matusi, zile za adabu ambazo ndizo mbaya zaidi, kwamba umenichukulia neno langu mdomoni ukalitumia utakavyo. Nilikwenda nazo mpaka kwa mtu wa vifurushi. Kwenye foleni nikajiuliza swali moja tu: ungenieleza mwezi wa tano, ningefanya nini?

Ningelirudisha.

Nataka ulijue hilo, kwa sababu wewe ulinibebea uongo mzito na mimi siwezi kukulipa kwa uongo mwingine. Ningelikunja kwenye kitambaa kile kile, ningelipa ada ya haraka lifike akiwa na akili zake, na ningeona nimempigania mwanangu. Ungeniambia ni jambo la kutisha, na hilo ndilo lingenifurahisha. Najijua, Shangazi. Kwa moyo niliokuwa nao, baba yangu angekufa amelishika jani lake mkononi.

Nililipokea kwa sababu sikujua. Nilimpa kitu ambacho ningejua nisingempa. Alikwenda Kinondoni kwa sababu hiyo. Akasoma majina yote yale, mzee mgonjwa, akakaa kwenye udongo, akamwita mjukuu. Niliwahi kumwomba Mungu vitu vingi juu ya yule mtoto, na kimoja kilikuwa kwamba mtu wa kwetu amtaje hivyo kwa mdomo wake, hata mara moja. Ilitokea, na ilitokea kwa ujinga wangu. Nashukuru sikujua. Naandika hivyo na naona aibu, lakini nashukuru.

Basi machozi yamekuja. Yalikuja pale kwenye foleni, Maya akanitoa nje. Nalia kwa sababu yeye amekwenda amesamehewa, amemaliza, na mimi niliyemsamehe sijamsamehe. Kila asubuhi najaribu. Siku nyingine nafika katikati, namwona ameketi na suruali yake ya kanisani, nalegea kabisa. Halafu naisikia ile sauti, narudi nilipotoka. Na hata nikifika mwisho siku moja, nitamwambia nani? Yeye hanisubiri tena. Alishapata jibu.

Maboksi nimemwambia Khushi ayatoe dirishani. Hakuelewa, akayatoa.

Nitakuja, ila si kwa Krismasi. Nitakuja watu wakisharudi mjini, unipeleke Mamba tukiwa wawili, unionyeshe upande ule alioelekeza.

Na ukoo wakikuuliza tena lilikwenda vipi, usikae kimya na usijikunje. Usiwaambie sikujua. Waambie Severa alilipokea.

Mwanao,
Severa